Kimberly Cheptanui, mwenye saiba anayeyarudisha maneno yaliyofutwa

Saa tatu asubuhi ya Alhamisi, printa ya Kimberly Cheptanui imekwisha kupata joto. Nakala mia mbili za programu ya mazishi, kile kijitabu chenye ratiba na wasifu wa marehemu, zinangojewa. Chini barabarani, gari la kwenda Olenguruone, atakakozikwa marehemu, limeegeshwa na dereva wake anapiga honi kila baada ya muda mfupi, kama mtu anayekohoa kusudi ili akumbukwe. Kilichobaki ni kubonyeza kitufe kimoja tu.

Lakini mama mzee aliyeketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango ameinua mkono. Jina lake ni Jepchumba, naye ndiye mjane wa marehemu. Hajui kusoma, hivyo anaomba asomewe yale yaliyoandikwa kumhusu mumewe kabla hayajachapishwa.

Bintiye, Jepkemboi, anaishika karatasi ya majaribio na kumsomea polepole. "Marehemu Mzee Kiptum alizaliwa katika familia ya kuheshimika. Alifanya kazi katika sekta ya mifugo. Alikuwa mume mwaminifu, baba mwenye upendo na nguzo ya jamii. Alimpenda Mungu. Ameacha pengo lisilozibika."

Mama anasikiliza hadi nukta ya mwisho. Kisha anauliza, bila hasira yoyote, "Huyu mnamzika kesho ni nani?"

Wanawe wawili, Kiprugut na Kipchirchir, wanaangalia sakafu.

"Mimi nilikuja hapa Jumatatu," mama anaendelea. "Nikamwambia huyu msichana maneno ya mzee wangu, na yeye akaandika yote. Nilimuona akiandika kwa macho yangu. Hayo maneno yameenda wapi?"

Huyo msichana ni Cheptanui mwenyewe. Katika chumba hicho chote ni yeye peke yake anayejua maneno hayo yaliko. Anajua pia kwamba akiyatoa hadharani pamoja na majina ya walioyafuta, huenda kesho hawa watu wakamzika baba yao wakiwa hawasemezani.

Kuelewa jinsi alivyofika hapo, yafaa kwanza umjue Cheptanui na umjue mdudu aliyemwingia kichwani miaka mitatu iliyopita.

Ana umri wa miaka 34. Saiba yake, duka la huduma za kompyuta na intaneti, iko mtaani Kaptembwa, Nakuru, orofa ya kwanza, juu ya duka la mbegu na chakula cha kuku. Ana kompyuta nne za mitumba, printa moja yenye kiburi, na bango la mlangoni linaloahidi mengi kuliko chumba kinavyoweza kubeba. Kupiga chapa ukurasa mmoja ni shilingi hamsini. Siku ikiwa njema anafunga mlango akiwa na elfu mbili mfukoni, na ikiwa mbaya anarudi nyumbani kwa miguu akijiambia kwamba kutembea ni afya.

Anaandika barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na katiba za vikundi. Zaidi ya yote, anaandika programu za mazishi.

"Huku kwetu mtu akifa, maisha yake hayaandikwi na mtu mmoja. Yanaandikwa na kamati," anaeleza akicheka. "Kila mtu wa familia lazima aguse. Huyu anakuja asubuhi anaongeza jina. Yule anakuja saa nane analitoa. Shemeji anatuma yake kwa simu, ameiita 'ya mwisho'. Jioni dada yao anafika na flashi, yake inaitwa 'ya mwisho kabisa'. Sasa mimi niprinti gani?"

Utacheka, lakini kwa mwenye saiba hilo si jambo la kuchekesha. Kosa likitokea, lawama haimwendei shemeji. Inamwendea aliyeshika kibodi.

Kilichomchoma Cheptanui hata hivyo hakikuwa msiba. Kilikuwa katiba ya kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kutoka Subukia. Wanachama walikuwa wameibishania msimu mzima wa mvua, kifungu baada ya kifungu, hadi wakaelewana. Katibu wao, Wasike, akaja Nakuru kuichapisha.

Wasike alikuwa mtu makini. Aliwaza kuhusu wazee wasioona vizuri, akataka herufi ziwe kubwa. Akaichagua hati yote tangu juu hadi chini. Hapo hapo simu yake ikalia, akageuka kuitafuta, na kiwiko chake kikagusa kibodi. Aliporudi, kwa sababu alikuwa amefundishwa kuhifadhi kazi yake kila mara, akahifadhi na kufunga bila kuitazama skrini.

"Tulipofungua tena, ukurasa ulikuwa mweupe, halafu kuna herufi 'k' moja huko juu imekaa peke yake," Cheptanui anakumbuka. "Tulicheka kwanza. Kwani utafanya nini?"

Kicheko hakikudumu. Nakala nyingine haikuwapo. Walipoketi kuiandika upya, kila mmoja alikumbuka kifungu kilichompendeza yeye. Wakaanza kunong'ona kwamba Wasike alihongwa ili katiba ipotee. Kikundi kikavunjika vipande viwili, na maziwa ya Subukia yakaanza kwenda sokoni kwa njia mbili.

"Alirudi hapa kuniuliza kama kuna dawa. Mwanaume mzima akalia mbele yangu," anasema. "Hiyo siku niliuliza hii mashine swali. Wewe unakumbuka neno la siri la WiFi ya mwaka juzi, unakumbuka kila mahali watu wametembelea mtandaoni, utashindwaje kukumbuka maneno ya jana?"

Kweli, kitufe cha kutendua kosa kipo. Lakini ukiisha kufunga faili, kitufe hicho kinasahau kila kitu.

Cheptanui alikuwa amesomea kompyuta katika chuo kimoja mjini, na alijua kwamba waandishi wa programu wana desturi nzuri. Kila hatua ya kazi yao huwekwa na chombo maalum, pamoja na jina la aliyeifanya na saa aliyoifanya, ili siku mambo yakiharibika warudi nyuma hadi mahali palipokuwa pazuri. Yeye mwenyewe alikitumia chombo hicho alipokuwa akiwatengenezea watu tovuti. Akajiuliza kwa nini wanaolinda hivyo msimbo wao, yaani maandishi yanayoiendesha programu, wasiwalindie na wenzao barua, katiba na wasifu wa marehemu.

Kompyuta zake zinatumia programu ya kuandikia ambayo ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma na kuubadilisha. "Nikasema, basi mimi nitaifungua niiongezee kumbukumbu," anasema.

Wacha we! Kuufungua ni jambo moja na kuuelewa ni jingine. Ulikuwa msimbo ulioandikwa na mikono ya watu wengi kwa miaka mingi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa karibu wa kuulizwa. Wiki za kwanza, anasema, alikuwa akiingia humo kama mtu anayeingia msitu wa Mau bila njia, anazunguka siku nzima, kisha anajikuta palepale alipoanzia.

Jaribio la kwanza lilikuwa la nguvu bila akili. Kila mteja alipohifadhi hati, programu ilitengeneza nakala nzima na kuiweka pembeni. Mwezi haukuisha kabla diski haijajaa, na kompyuta zote nne zikagoma mchana mmoja.

Jaribio la pili lilimfundisha jambo ambalo wateja wake wengi hawalijui hadi leo. Hati unayoiona kwenye skrini si karatasi moja. Ni mafaili kadhaa yaliyofungwa pamoja na kubanwa.

"Fikiria gunia la viazi lililoshonwa mdomo," anafafanua. "Ukilinganisha gunia la jana na la leo kwa nje, utajua tu hili si lile. Hujui ni kiazi gani kimetolewa. Ukitoa koma moja kwenye hati, ile mashine ilikuwa inaniambia hati nzima imebadilika. Ilibidi niifundishe kufungua gunia kwanza, ndiyo ihesabu viazi."

Aliifundisha. Ilimchukua miaka miwili, hasa katika miezi ya mvua ambapo matope ya Kaptembwa huwazuia wateja kupanda ngazi. Programu ilijifunza kufungua hati, kuilinganisha aya kwa aya, na kuweka kando kile tu kilichotoka na kile kilichoingia. Aliiita Tabaka, kwa sababu ya ule ukingo wa barabara ya kuteremkia Subukia, ambapo udongo umejipanga, mweusi juu ya wa jivu na wa jivu juu ya mwekundu.

Likabaki tatizo la majina, na hapo Nakuru ilimchekesha. Katika saiba watu wote huketi kwenye kompyuta zilezile, hivyo mashine ilimjua mwandishi mmoja tu, na jina lake lilikuwa Saiba. Cheptanui akaongeza dirisha dogo la kumuuliza mteja jina lake kabla hajaanza. Watu wakajibu. Mmoja aliandika "Mimi". Mwingine akaandika "Boss". Kuna aliyeandika "Nimelipa tayari". Mwishowe akaamua kuyaandika majina yeye mwenyewe, mteja anapoketi.

Wiki mbili kabla ya ule msiba wa Olenguruone, Tabaka ilikuwa imeanza kufanya kazi kwenye kompyuta zote nne. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameijaribu kwa hati zake mwenyewe tu, na hati zako mwenyewe haziwezi kukukasirikia.

Sasa turudi Alhamisi ile. Mama Jepchumba bado anangoja jibu, na honi inalia tena huko chini.

"Kogo," Cheptanui anamwambia, akimwita nyanya kwa lugha yao, "maneno yako yapo."

"Yapo wapi?" Kiprugut anadakia. Yeye ndiye kifungua mimba, ana malori mawili ya kubeba viazi, na amezoea kujibiwa upesi. "Mimi nimeangalia hii kitu yote, ukurasa kwa ukurasa. Hakuna."

"Yako chini, mzee. Yamefunikwa tu."

Anaigeuza skrini ili imwelekee yeye peke yake. Anabonyeza, na aya za heshima zinaanza kuondoka moja moja, Jumatano, Jumanne, hadi Jumatatu asubuhi. Halafu yale maneno yanapanda kutoka huko yalikokuwa, mazima, hata koma zake zikiwa mahali pake. Cheptanui aliyaunda yote hayo kwa mikono yake, lakini anakiri kwamba nywele zilimsimama.

"Nilikuwa nimeyajaribu mara nyingi, lakini hiyo ilikuwa barua yangu ya kodi ya nyumba," anasema. "Hii ilikuwa mtu. Niliona mtu anarudi."

Akavuta pumzi, akasoma kwa sauti vile vile mama alivyoyasema.

"Kiptum alikuja kunioa bila viatu. Alikuwa anachunga ng'ombe wa mzungu kule Molo. Alikuwa na mluzi wake. Akipiga, ng'ombe wote wanainua vichwa, na mimi nikiwa mtoni nainua changu. Hakujua kusoma, lakini kila Jumapili aliweka kalamu kwenye mfuko wa shati akaenda nayo kanisani, ili mtu akikosa kalamu, yeye anayo. Alikunywa pombe miaka mingi, sitaficha. Siku Jepkemboi aliitwa shule ya bweni, aliuza pipa lake la kupikia pombe, akanunua sanduku la chuma, akalibeba kichwani mpaka stendi. Hakunywa tena. Tulizika watoto wawili wa surua. Makaburi alichimba yeye mwenyewe, akakataa majirani wamsaidie. Aliogopa radi. Ikipiga ananishika mkono, na mimi namwachia ashike."

Hata honi ilinyamaza, au labda hakuna aliyeisikia tena. Mama Jepchumba alikuwa amefumba macho.

"Ndiye huyo," akasema. Kisha akainuka, akaizunguka meza, akaigusa skrini kwa kidole kama mtu anayepima joto la paji la uso wa mtoto. "Kwa hivyo hayakuwa yameenda popote?"

"Hayakuenda, kogo."

"Ajabu ya Mungu," akasema mama.

Ilikuwa ajabu kweli, lakini ajabu haikumzuia Kipchirchir kupandwa na hasira. Yeye ni mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito. "Nani alifuta maneno ya mama?" akanguruma. "Hiyo mashine si inajua? Tuambie jina sasa hivi!"

Cheptanui akaitazama skrini. Jina la Kipchirchir lilikuwa hapo, mbele ya macho yake, limeandikwa kwa herufi za kijani.

Hiki ndicho alichokuwa akikiogopa tangu mwanzo. Anazijua familia zilizotengana kwa sababu ya jina moja lililorukwa kwenye programu. Ameshuhudia ndugu wakishikana mashati katika chumba hicho hicho. Je, alikuwa ametumia miaka miwili kutengeneza chombo cha kuwachongea watu siku ya msiba?

"Inajua," akajibu. "Lakini sitasoma majina. Nitasoma hatua moja moja. Mwenye hatua yake ataijua."

Akaanza na Jumatatu alasiri. Yaliyotoka yalikuwa maneno ya kukosa viatu, ng'ombe wa mzungu na mluzi. Yaliyoingia yalikuwa "sekta ya mifugo".

Kiprugut akakohoa. "Hiyo ni mimi," akasema. "Kuna wenzangu wa biashara wanakuja kesho. Sikutaka wajue tulitoka huko. Ule mluzi sikuwa na ubaya nao. Uliondoka tu pamoja na ng'ombe."

Jumanne. Ilitoka pombe, na pipa, na sanduku, na radi. Iliingia "alimpenda Mungu".

Kipchirchir, aliyekuwa amesimama wakati wote huo, akaketi. Uso ulimshuka. "Mimi nilidhani kuna mtu amefuta kila kitu," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nilitoa kidogo tu."

Jumatano. Walitoka watoto wawili na makaburi yao, ikatoka na kalamu. Hapo Cheptanui hakumaliza kusoma, kwa maana Jepkemboi alikuwa tayari analia. "Kalamu niliona watu watamcheka. Na wale watoto… nilikuwa namwondolea mama uchungu. Sikutaka asomewe hiyo mbele ya watu."

Lo! Kumbe hakuna aliyemfuta mzee. Kila mtoto alitoa sentensi zake mbili tatu, tena kwa mapenzi, akaziba nafasi kwa maneno mazuri ya kuazima. Waliporudi kutazama, baba yao hakuwepo tena, na hati iliyobaki ingemtosha marehemu yeyote kuanzia Naivasha hadi Londiani ukibadilisha jina tu.

"Hapo ndipo nilielewa kile nilikuwa nimetengeneza," Cheptanui anasema. "Mimi nilidhani ni chombo cha kujua nani ameharibu. Kumbe hakukuwa na mharibifu. Bila zile hatua, wangelaumiana mpaka leo, kila mtu akiwa na hakika kwamba si yeye."

Kurudisha maneno hata hivyo hakukuwa kwepesi. Viatu vilirudi, ng'ombe wakarudi na mluzi wao, kalamu ikarudi mfukoni. Kwa watoto wawili, mama aliuliza tu, "Nisiposomewa, ndiyo nitasahau?" Jepkemboi akatikisa kichwa, na makaburi yakarudi. Mvutano ukabaki kwenye pombe.

"Mama, hii itasomwa mbele ya mchungaji," Kipchirchir alisihi. "Mbele ya kanisa lote! Wacha tuseme tu alikuwa mtu wa kiasi."

"Hakuwa mtu wa kiasi," mama akajibu. "Alikuwa mlevi, akaacha. Sasa ukitoa pombe, aliacha nini? Hilo sanduku alilibeba kwa nini?"

Jepkemboi, mwenye sanduku, akamshika kakake bega. Kipchirchir akamwambia Cheptanui airudishe yote, ila aongeze mwishoni kwamba tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakuonja tena. Mama akakubali, kwani hilo lilikuwa kweli.

Kiprugut naye aliomba "nguzo ya jamii" ibaki. Mama akafikiri. "Iacheni," akasema. "Nguzo pia alikuwa."

Ndipo kitufe kikabonyezwa. Nakala mia mbili zilitoka moja baada ya nyingine, na dereva alipopanda ngazi kuja kugomba, alipewa moja asome akingoja. Aliisoma yote akiwa amesimama, akashuka bila kugomba.

Yaliyotokea kesho yake Olenguruone, Cheptanui aliyasikia kwa Jepkemboi. Kiprugut ndiye aliyesoma. Alipofika mahali pa viatu, wale wenzake wa biashara aliokuwa akiwaogopa walimpigia makofi. Alipofika kwenye mluzi, mzee mmoja aliyeketi nyuma, ambaye alichunga pamoja na marehemu enzi za ujana, alitia vidole viwili mdomoni akaupiga.

"Sisi watoto hatukuwahi kuusikia," Jepkemboi alimsimulia. "Tulipozaliwa alikuwa ameacha kuchunga. Lakini mama aliinua kichwa, ukamwona ni msichana."

Tangu wakati huo ngazi za saiba hiyo hazijapumzika. Watu wanakuja kuomba maneno ya mama zao, ya walimu wao, ya vikundi vyao. Wengine anawarudisha mikono mitupu, kwani Tabaka haiwezi kufukua hati zilizoandikwa kabla yake. Hilo linamuuma. Wasike alipanda kuja kumtazama siku moja, akaonyeshwa jinsi herufi moja inavyoweza kurudishwa ikawa katiba nzima. Akasema, "Ungeanza mapema, dada." Hakusema kwa ubaya.

Cheptanui ametuma kazi yake kwa watu wa kujitolea wanaoitunza ile programu ya bure, ili ikikubaliwa, yeyote duniani anayeandikia humo aipate bila malipo. Walimrudishia na masahihisho mengi, mengine makali. Ameyafanya. Bado wanaikagua, na kila asubuhi anafungua barua pepe kabla hajafungua dirisha.

Mpango wake mwingine ni wa hapa nyumbani. Anataka Ijumaa asubuhi iwe ya wazee walio hai, waje waketi, waseme maisha yao kwa mdomo wao wenyewe, na yeye ayaandike. "Kwa nini tungoje mtu afe ndiyo kamati ianze kumkumbuka?" anauliza.

Wa kwanza amekwisha kuja. Ijumaa iliyopita, fimbo ilisikika ikigonga ngazi, na Mama Jepchumba akaingia akihema, akakataa chai, akaketi.

"Sasa andika yangu," akaamuru. "Nataka niisikie nikiwa na masikio."

Alizungumza asubuhi nzima. Alisimulia habari za mama yake, na njaa ya mwaka mmoja, na ng'ombe wa mahari. Kisha akasimulia kwamba kabla ya Kiptum palikuwa na kijana mwingine, mrefu, wa upande wa Bomet, mwenye meno mazuri. Akaendelea na huyo kijana kwa kitambo, macho yakimng'aa, mpaka aliposhtuka akafunika mdomo kwa kanga.

"Aa! Hiyo futa. Futa yote."

Cheptanui akafuta.

"Imeenda?"

"Imetoka hapa juu, kogo."

Mama akaitazama skrini kwa jicho la pembeni. "Na huko chini?"

"Huko chini iko."

"Sawa," akasema, akajiegemeza kitini. "Wanangu wakitaka kunijua, watachimba."